Mpangaji Asiyejua Kumaliza Wimbo

Friji yangu ya dukani ilikuwa ikiimba kwa miaka nami sijui. Aliyeniambia ni mpangaji wangu, Mjapani, asubuhi ya kwanza aliyoamka katika chumba changu cha uani pale Garsen. Alisimama mbele ya friji mkono shavuni, akasikiliza mpaka wateja wa maziwa wakaanza kutazamana. Kisha akasema kwamba friji inaimba sauti yake, kinu cha unga cha jirani kinaimba yake, na sauti hizo mbili haziwezi kukaa mtaa mmoja. Nikamwambia zimekaa salama kabla yake na zitakaa baada yake. Akainama kidogo, akanunua soda, akarudi chumbani. Nilijua pale pale kwamba nimepata mpangaji wa kunichosha, na kwamba hataondoka upesi.

Kweli hakuondoka, au tuseme aliondoka kila mwaka na kila mwaka akarudi. Kiangazi kikianza, mto ukipungua na barabara ikipitika, alishuka basi pale makutano na kijisanduku cha nguo na masanduku makubwa ya vyombo. Mimi nilimwita Mpangaji, yeye akaniita Mama Mwenye Nyumba, na majina hayo yalitutosha. Jina lake halisi ninalo, ila halikuwahi kukaa vizuri mdomoni mwangu. Mwenyewe alisema nikilitamka anahisi anaitwa mtu mwingine.

Kiswahili alikiokota kwangu na kwa wafugaji wanaopita barabarani. Mimi ni mtu wa Kipini, sipendi lugha ivunjwe mbele yangu, kwa hiyo alizungumza Kiswahili changu akiwa na adabu na Kiswahili cha malishoni akiwa na hasira. Ungeweza kujua ameamkaje kwa kusikia salamu yake tu.

Kazi yake ilinichukua muda kuielewa. Alitunga muziki wa gemu, zile ambazo vijana huzicheza mbele ya televisheni wakibonyeza vidude, na muziki wa katuni za kwao, ambazo hata wajukuu wangu wamezitazama. Alianza zama ambazo mashine ya gemu iliweza kutoa sauti tatu tu kwa pamoja. "Kama nyumba ya maskini," aliniambia. "Mmoja anaimba, mmoja anaitikia, mmoja anapiga ngoma. Wa nne akiingia, mmoja lazima atoke nje." Baadaye mashine zikakua naye akakua nazo, hata akaja kusimama mbele ya ukumbi mzima wa wapiga fidla waliongoja ainue mkono. Mtu wa namna hiyo angeweza kupumzika popote duniani. Alipumzika kwangu, chini ya feni inayogonga, kwa sababu zamani watengenezaji wa gemu fulani walimtuma kutafuta sauti ya mto mpana unaopita nchi kavu. Gemu ile ilikwisha sahauliwa na walioinunua. Yeye mto hakuusahau.

Mchana wa Garsen, jua likiwa limelaza hata mbuzi, sisi wawili tulikaa barazani. Mimi nilishona kofia za mkono, kazi niliyotoka nayo kwetu, naye alivaa hedifoni zake na kufumba macho. Nilidhani amelala. Siku moja akafumbua macho akaniuliza, "Mama Mwenye Nyumba, fundo la uzi unalificha wapi?"

Nikamgeuzia kofia, nikamwonyesha. Uzi unazunguka, unazunguka, na pale mwisho unapokutana na mwanzo ndipo fundi hujulikana. Fundi mbaya huacha kinundu. Aliishika kofia ile muda mrefu, akipitisha kidole ndani.

"Hii ndiyo kazi yangu," alisema. "Mchezaji akiingia kijijini ndani ya gemu, mimi sijui atakaa muda gani. Pengine anapita tu. Pengine ameenda kula wali, ameacha gemu inawaka. Wimbo wangu lazima umngoje, na akirudi asiwe amechoka nao. Kwa hiyo unazunguka. Mshono wake mtu asiusikie."

Nikamwambia hiyo ni kazi nzuri. Akatikisa kichwa. Akaniambia jambo ambalo tangu siku hiyo nililijua kuwa ndilo lililomrudisha kila mwaka: katika umri wake wote hakuwahi kumaliza wimbo. Amezizungusha nyimbo zisizo na idadi, na hakuna hata moja iliyofika mwisho wake. Za katuni alizipunguza sauti polepole mpaka zisisikike, na hilo alilionea aibu.

"Huko si kumaliza," alisema. "Huko ni kuondoka bila kuaga."

Alitaka wimbo mmoja. Mmoja tu, wenye mwisho, kabla ya yeye mwenyewe kwisha. Aliposema hivyo alikuwa bado mtu wa nguvu zake, nikamcheka. Nilimwambia kwetu mambo huisha yenyewe, hata usipoyataka.

Msidhani alikuwa mtu mtakatifu. Alikuwa bahili wa majani yake ya chai, aliyaficha chini ya kitanda kana kwamba Garsen nzima inayanyemelea. Aliyetunga muziki wa vita na mazimwi alimwogopa ng'ombe kuliko alivyomwogopa nyoka. Hakuweza kula pakiwa na redio, lakini yeye mwenyewe aligongagonga meza kwa kidole mpaka mchuzi ukacheza. Na kuimba hakujua kabisa. Sauti yake ilipasuka kama ya kijana anayebalehe, na ukimwomba aimbe alinuna hadi jioni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilimpa ndoo ya kumwagilia mchicha wangu, naye aliimwaga nusu njiani kwa sababu alisimama kusikiliza maji yakigonga ndoo.

Vijana wa mjini walikuwa na kibanda cha gemu karibu na stendi. Niliwaambia kwamba mzee huyu ndiye aliyetunga muziki wa ile gemu wanayoipenda, wakanicheka. Nikaona heri nimpeleke. Tuliingia, tukawakuta wanaicheza hiyo hiyo, na televisheni iko kimya. Muziki uliokuwa ukipiga ulitoka kwenye simu ya kijana mmoja, Komora, mtoto wa jirani yangu Mpokomo.

Mpangaji akaitazama picha, akaanza kupiga mluzi. Komora akageuka. Akaongeza sauti ya televisheni, na mluzi na muziki vikaenda sambamba mpaka kona ya mwisho.

"Buda, ni kweli ni wewe," alisema Komora. Kisha akaona haya kidogo. "Lakini, mzae, usikasirike, hiyo ngoma sisi huizima. Tunaweka zetu."

Nilidhani Mpangaji atanuna. Badala yake alicheka mpaka akakaa chini kwenye kreti la soda, akijifuta macho. Njia nzima ya kurudi alirudia, "Huizima, wanaweka zao." Jioni ile aliniambia kwamba kwao watu humsifu kwa heshima hadi hajui kama wamemsikia. Wale vijana walimsikia, ndiyo maana wakamzima.

Sasa nije kwa Mzee Barisa, maana bila yeye Mpangaji angekuwa mpangaji tu.

Barisa alikuwa Muorma, mwenye ng'ombe wengi na maneno zaidi ya ng'ombe. Mkewe, Mama Guyo, ndiye aliyeniletea maziwa ya kuuza. Barisa mwenyewe alipita kujionyesha, kofia niliyomshonea kichwani na fimbo mabegani, akijisifu kwa sauti ambayo friji yangu haikufua dafu mbele yake. Alijisifu kwa mambo mengi, ila moja lilikuwa kweli tupu: wimbo wake wa kunyweshea.

Kiangazi wafugaji huchimba visima kwenye laga, ule mkondo wa mchanga uliokauka. Mtu mmoja husimama chini shimoni, wengine juu yake, na ndoo hupanda kutoka mkono hadi mkono mpaka kwenye hori la udongo. Ng'ombe wenye kiu wakijazana hapo huvunja hori na kukanyaga ndama. Kwa hiyo huimbiwa. Katika wimbo wa Barisa kila ng'ombe alikuwa na jina lake na mahali pake. Aliyetajwa alisogea akanywa, wasiotajwa walingoja. Nimewaona kwa macho yangu, wamesimama kwenye joto linalotetemesha upeo wa macho, masikio mbele, kila mmoja anangoja jina. Ukikaa hapo kitambo huwezi kusema ni wimbo unaowavuta ng'ombe au ni ng'ombe wanaouvuta wimbo.

Mpangaji alipousikia mara ya kwanza alikaa mchangani, na hakuinuka mpaka kivuli chake kikawa kirefu. Barisa alimruhusu aunase kwenye chombo chake. Alifurahi kunaswa, Barisa.

Kosa lilikuja siku chache baadaye. Chumbani palikuwa na joto, basi Mpangaji akatoa spika zake mbili barazani, akazielekeza uwandani, akaufungulia wimbo ule kwa sauti kubwa. Alitaka kuuzungusha kama anavyozungusha nyimbo zake, na alikuwa anatafuta pa kuuweka mshono. Aliupata, nadhani. Mimi nilikuwa nashona, na Barisa wa spika akapita mwisho akarudi mwanzo nisijue.

Nilichojua ni vumbi. Ng'ombe wa Barisa walikuwa njiani kwenda mtoni, wametembea tangu alfajiri bila tone. Waliposikia majina yao waliiacha njia. Wa kwanza, mwekundu mwenye baka jeupe, alipita ua wangu wa miba kana kwamba haupo, akaja akasimama mbele ya baraza na kamba yangu ya nguo shingoni. Akafuata mwingine, na mwingine. Hawakusukumana. Walikuja kwa zamu, kama wimbo ulivyowaita, wakainamisha vichwa kutafuta maji kwenye simiti kavu.

Mpangaji alikuwa juu ya kiti, amekumbatia spika.

Barisa alifika taratibu, hakukimbia. Alizitazama shingo zilizoinama, kisha akamtazama mgeni.

"Wewe umeita yeye kwa jina," alisema. "Sasa yeye amekuja. Maji iko wapi?"

"Mzee Barisa," nikaingilia, "mto si huo hapo mbele? Wapeleke."

"Mto iko, mama. Lakini yeye hapana itwa na mto. Yeye ameitwa hapa. Mtu hapana danganya ng'ombe. Leo ukidanganya yeye, kesho mimi naita kwa kisima, yeye hapana amini."

Nilifungua tangi langu. Tulijaza mabeseni ya kufulia, sufuria za pilau, hata beseni la kuogeshea wajukuu. Barisa akaelekeza fimbo kwenye spika. "Hiyo sanduku nyamazisha. Mtu ya kuita ndio mtu ya kuimba."

Nikamwonea huruma Mpangaji. Alishuka kitini, akaimba. Majina ya Kiorma yalipasukia kooni mwake, na watu walikwisha jaa uani wakiziba midomo kwa leso. Lakini ng'ombe mwekundu akainamisha kichwa akanywa. Kisha wa pili. Aliimba mpaka tangi likatoa hewa, na hapo ng'ombe wa mwisho alikuwa anainua kichwa, kidevu kinachuruzika maji.

"Sauti yako mbaya," Barisa alimwambia. "Lakini ng'ombe amekunywa."

Sikupata kumwona Mpangaji akipokea sifa kwa furaha kama hiyo. Akajipa moyo, akauliza swali lake la siku zote. "Mzee, wimbo huu unaumaliza vipi?"

"Mimi hapana maliza," Barisa alisema. "Ng'ombe ndio namaliza."

Tulicheka sote. Tulijua Barisa ni mtu wa majivuno, tukadhani hayo nayo ni majivuno. Kabla hajaondoka alimwapisha Mpangaji kwamba wimbo ule hataupiga mahali pasipo na maji, naye akaapa.

Ahadi ni deni, na deni hili lilimkaba. Wakubwa wa gemu moja kubwa walimsikia akiugusia wimbo ule, wakautaka kwa ajili ya mji wa jangwani ndani ya gemu yao, mahali ambapo mchezaji huja kutafuta maji. Ilikuwa kazi ambayo angekumbukwa nayo. Akakataa. Nilimwambia, "Mpangaji, Barisa atajuaje? Tena maji si yapo humo kwenye gemu?"

"Ni maji ya picha," alisema. "Hayanyweki."

Kazi ikapewa mwanafunzi wake wa zamani. Sasa usifikiri aliipokea kwa moyo mweupe. Kiangazi kizima alizungumza Kiswahili cha malishoni. Alisema amefanya sawa, kisha akapiga ndoo yangu teke. Alimsema Barisa nyuma yake, na Barisa akipita alimpikia chai ile ya chini ya kitanda. Baada ya hapo gemu zilipungua, ikabaki katuni.

Halafu likaja la masikio. Asubuhi moja alitoka chumbani amechangamka. Shingo yake, mikono, hata ndewe za masikio zilikuwa zimevimba.

"Mama Mwenye Nyumba, mbu wenu wamehama? Siwasikii tena."

Nilicheka, Mungu anisamehe, nilicheka sana. Mbu wa mto Tana wahame waende wapi? Nikamwambia ajitazame mikono. Akaitazama. Akapitisha kidole juu ya vipele, kimoja kimoja, na uso wake ukabadilika, nami kicheko kikanikauka. Mbu hawakuhama. Sauti yao nyembamba ndiyo iliyokuwa ya kwanza kumwacha.

Hatukulizungumza sana. Mwaka uliofuata hakusikia filimbi ya birika. Mwaka mwingine akaja na mashine ndogo ndani ya masikio, akasema kwamba friji na kinu cha unga sasa wamepatana. Alicheka, lakini mimi nililia jikoni. Mtu amekuja umbali wote huo kusikiliza, na kinachomwondoka ndicho hicho.

Ukame mkubwa ulipopita hakuwepo. Nilimpigia simu nikamwambia Barisa amefariki. Nikadhani hakusikia, nikarudia kwa sauti. Akasema amesikia. Kisha akauliza, "Na ng'ombe?"

"Nao," nikamwambia.

Mara ya mwisho alikuja kiangazi kilichopita. Alishuka basi taratibu, na masanduku ya vyombo yalikuwa yamepungua. Kazi zote alikwisha ziacha isipokuwa moja. Katuni aliyoitungia kwa miaka ilikuwa inafika ukingoni, na katika kipande cha mwisho mzee mmoja anarudi kwao. Waliomwajiri walimwomba wimbo wa kufungia: usipunguzwe sauti, usizunguke, uishe.

Alinipigia barazani alichokuwa nacho. Ulikuwa wimbo mzuri, wa kumfanya mtu akumbuke watu. Ila kila ulipokaribia mwisho ulijirudi wenyewe, kama mbuzi aliyezoea zizi.

"Mkono wangu umezoea," alisema. "Na sikio moja limefunga kabisa. Hili jingine halitakaa. Nikiondoka hapa bila mwisho, sitaupata tena."

Nilimshikisha kofia niliyokuwa nashona, akaishika.

Mwenye la kumwambia alikuwa Guyo, mwana wa Barisa. Alikuwa dereva wa lori, na baada ya msiba aliacha usukani, akanunua ng'ombe wachache mnadani Madogo ili mama yake asikae bila maziwa. Alikuja akaketi ukingoni mwa baraza, kofia ya babake mkononi.

"Mzee," alimwambia Mpangaji, akipaza sauti, "hawa ng'ombe wa Madogo ni wageni. Kisimani wanapigana. Juzi wamekanyaga ndama. Mimi wimbo wa baba najua mwanzo tu, nilikuwa barabarani maisha yangu yote. Sauti yake unayo wewe. Tuletee."

Mpangaji akamtazama Mama Guyo, aliyekuwa amesimama kwenye friji na madumu yake. Alikuwa ameapa, na aliyemwapisha hayupo.

"Kama maji ipo," alisema Mama Guyo, "hakuna makosa."

Basi tukawa tunaenda lagani kila asubuhi kwa gari la Komora, ambaye siku hizi ni mtu mzima mwenye teksi. Spika moja iliwekwa kwenye mchanga kando ya hori. Guyo alikuwa amewapa ng'ombe wake wapya majina ya wale waliokufa, kuanzia wa kwanza kutajwa wimboni. Barisa alipoita jina kutoka kwenye spika, Guyo alimshika ng'ombe wa jina hilo akamleta kwenye maji, na wengine wakazuiwa. Siku za mwanzo ilikuwa vurugu, na wimbo ulizimwa kabla ng'ombe wote hawajanywa. Mama Guyo alikaa ameipa spika mgongo, ushungi usoni, na sikumuuliza kitu. Nani angeweza kuuliza? Mtu amemzika mumewe, na mumewe anaimba.

Polepole ng'ombe wakaanza kuelewa. Asubuhi ya mwisho kabla Mpangaji hajasafiri, Guyo hakumshika yeyote. Alikuwa chini shimoni na mwenzake, ndoo zinapanda. Barisa aliita, na ng'ombe mwekundu akageuza masikio, akatoka kundini peke yake, akaja akanywa. Akaondoka, akaja aliyefuata. Joto lilikuwa limeanza kupanda mchangani, kila kitu kinatetemeka kidogo, na mimi kwa kitambo sikujua mwaka ni upi.

Mpangaji alisimama kando ya spika, kidole kwenye kitufe. Alikwisha niambia asubuhi kwamba hata lile sikio jingine sasa linampa ngurumo tu. Hakumsikia Barisa. Alikuwa akiwatazama ng'ombe. Sikio la ng'ombe likigeuka, alijua jina limetajwa, na midomo yake ikalitaja bila sauti.

Ng'ombe wa Guyo walikuwa wachache kuliko majina. Wa mwisho alikuja, akanywa, akainua kichwa. Wimbo haukusimama. Ni ule ule alioushona barazani kwangu, usio na mwisho, na Barisa akaendelea kuita, jina baada ya jina, ng'ombe ambao mifupa yao iko uwandani. Guyo alisimamisha ndoo. Mama Guyo akashika kichwa. Mimi nilitaka kupiga kelele kwamba azime, kisha nikakumbuka kwamba hasikii, hajui kwamba hajamaliza.

Lakini yeye alikuwa anamtazama yule ng'ombe wa mwisho. Maji yalichuruzika kidevuni, likabaki tone, likaanguka. Ng'ombe akageuka akaenda zake. Mpangaji akabonyeza.

Laga yote ikawa kimya. Alisimama hivyo hivyo, kidole bado kwenye kitufe.

"Ng'ombe wamemaliza," alisema. Akanigeukia. "Mama Mwenye Nyumba, nimemkata wapi?"

Ningeweza kumdanganya. Angeondoka na furaha. Nikamsogelea kwenye lile sikio lenye uhai kidogo, nikapaza sauti, nikamwambia ukweli. "Umemkata katikati ya jina. Alikuwa anamwita Magala. Amesema Maga, ukamzima."

Alifikiri. Halafu akatabasamu, tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu kile kibanda cha gemu.

"Basi Magala yuko njiani," alisema. "Wimbo wangu nitauandika hivyo hivyo."

Guyo alikuwa amepanda kutoka shimoni, mchanga hadi magotini. Hakuwa na ng'ombe mwenye jina hilo. Akamtazama mama yake. "Mama, huyo ameitwa au hajaitwa?"

Mama Guyo alifunua uso. Ulikuwa umelowa, na sauti yake ilikuwa ya kawaida, ile ya kuniambia maziwa ni madumu mangapi.

"Ameitwa nusu," alisema. "Wekea yeye maji."

Guyo akarudi shimoni. Ndoo zikapanda, mimi nikapokea na Mpangaji akapokea, tukalijaza hori mpaka ukingoni. Kisha tukakusanya vitu vyetu, tukaliacha limejaa, tukaondoka.